Rambirambi za Mheshimiwa

Wiki iliyopita ukurasa wa Mheshimiwa Diwani mtandaoni ulimwita mzee mmoja wa kwetu "hazina ya kata yetu". Waliweka picha yake amevaa koti la kijivu, chini yake vikopa vyekundu na maneno kwamba jamii isiyoheshimu wazee wake imepotea. Nilisoma nikiwa dukani kwangu Kaloleni, mjini, nikatukana kwa sauti mpaka mteja aliyekaa kwenye stuli akisubiri picha za pasipoti akadhani namtukana yeye. Hazina! Walewale waliochukua kitu cha thamani kuliko vyote alivyokuwa navyo mzee yule, wakakitumia siku moja, wakakitupa. Na mimi nilikuwa mmoja wao, kwa hiyo nusu ya hasira hii nastahili kuibeba mwenyewe.

Basi nitamweleza mimi, kwa jinsi nilivyomjua. Jina lake sitalitaja, limeshachezewa vya kutosha. Kwetu Akheri, mlimani, tulimwita Mzee wa Matangazo, na watoto waliokua wakimwita hivyo sasa wana watoto wao wanaomwita hivyohivyo. Kila Jumapili, mahubiri yakiisha, alisimama na daftari lake lenye jalada gumu, akavaa miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, akasema: "Matangazo. Sikilizeni vizuri, maana sitarudia." Kisha alirudia kila tangazo mara mbili. Hakuna aliyethubutu kumcheka isipokuwa mkewe, aliyekaa benchi la tatu na kuguna kila aliposikia hilo "sitarudia".

Alisoma mambo yote kwa sauti moja kavu: zamu ya maji ya mfereji, ndoa, mbuzi aliyepotea, chanjo ya ng'ombe, kifo. Mchungaji mmoja kijana aliyehamia kwetu alimshauri atie hisia kidogo kwenye matangazo ya misiba. Mzee alimtazama juu ya miwani. "Hisia ni za wafiwa, Mchungaji," alimjibu. "Mimi nimepewa habari."

Ulimi wake ulikuwa na makali. Mama yangu aliwahi kukaa na sufuria kubwa ya kanisa miezi miwili baada ya harusi ya mdogo wake. Mzee hakuja nyumbani kumkumbusha. Jumapili akasimama na kusoma: "Sufuria namba nne ya kanisa bado inapika kwa mtu. Aliye nayo anajijua, na majirani zake wanamjua." Macho ya kanisa zima yaligeukia benchi letu. Mama hakumsalimia mwezi mzima, na hata leo ukimtajia sufuria anakuuliza habari za watoto. Nilikuwa na miaka tisa na nilimchukia mzee yule kwa moyo wangu wote. Nalisema hili ili mtu asidhani namchora malaika.

Kwenye misiba alikuwa mtu mwingine. Kwetu mtu hakuwa amekufa mpaka Mzee wa Matangazo aseme. Ungesikia kilio kwa jirani, ungeona watu wanakimbia, lakini hukupasua kuni, hukukata mkungu wa ndizi, hukupiga simu kwa ndugu walioko Kisongo, mpaka yeye ameshika fimbo yake na kwenda mwenyewe hadi kwenye nyumba ile. Akifika aliuliza maswali matatu. Nani ameona? Amelala wapi? Na familia imekubali litangazwe? Hilo la mwisho ndilo alilolishikilia kuliko yote. "Kifo ni cha wenye nyumba," alikuwa akisema. "Hata ukikijua, bado si chako."

Jirani yetu Baba Neema, yule mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo barabarani, alifiwa na mama yake siku ya mvua kubwa. Njia ya kwao ni mteremko mtupu. Watu walimwambia mzee asijisumbue, habari imeshathibitika, daktari mwenyewe amesema. Akaenda. Alianguka mara mbili, akarudi na matope hadi kwenye miwani, akaingia kanisani hivyohivyo na kusoma tangazo kwa sauti ileile. Baba Neema alisema baadaye kwamba matope yale yalimliza kuliko maneno, na alilisimulia jambo hilo kwa miaka, kwa wateja waliotaka kusikia na wasiotaka.

Sasa, mtu huyohuyo alikuwa mwongo. Nje ya daftari lake alidanganya bila haya. Kahawa yake kila msimu ilikuwa ya kwanza mlima mzima, na aliapa kwamba Mzungu mmoja alikunywa kikombe kimoja tu akatoa machozi. Kwenye drafti aliiba kete mbele ya macho yako, na ukimshika mkono anasema ni upepo. Kampeni zikianza alihudhuria mikutano ya vyama vyote, akarudi na kofia za kila rangi, na kanga za mkewe, akavitumia shambani bila kubagua. Nilimuuliza siku moja atampigia nani kati ya wote waliomvisha.

"Kofia haina kura, binti," alisema. "Kofia ina jua."

Watoto wake walioko Dar walipomnunulia simu kubwa, tulidhani ataiweka kabatini. Kumbe. Alifanywa admini wa grupu la usharika, na kwa kuwa hakupenda kuandika, alirekodi sauti. Kila sauti ilianza na lile neno lake, "Matangazo," na watu wa kwetu walioko Mwanza na Dodoma wakawa wanakunywa chai ya asubuhi wakimsikiliza. Hakusambaza ujumbe wa mtu hata mmoja. Mtu akituma dawa ya kitunguu saumu inayotibu kila ugonjwa, yeye alijibu kwa sauti ya sekunde mbili: "Nani ameona?" Grupu zima linacheka, na mwenye kitunguu saumu ananyamaza.

Hiyo ndiyo imani tuliyoikuta mezani, na sisi tukaipangusia mikono.

Mimi nina duka karibu na uwanja wa mpira: kuchapa, picha, kadi za harusi, fulana. Msimu wa uchaguzi ulipofika, mgombea mmoja wa udiwani katika kata yetu ya nyumbani alinitafuta. Tulimwita Mheshimiwa kabla hajapata hata kura ya mkewe. Alikuja na kijana mwenye simu tatu, tuliyemwita Meneja wa Mtandao, ambaye kila sentensi yake ilianza na "Dada, kampeni za siku hizi". Kampeni za siku hizi haziko uwanjani, ziko kiganjani. Kampeni za siku hizi hazisubiri. Kazi yangu ilikuwa mabango ya mtandaoni. Asubuhi njema, na sura ya Mheshimiwa. Jumapili njema, na sura ya Mheshimiwa. Timu yetu imefungwa, tusikate tamaa, na sura ya Mheshimiwa. Na lililopita yote, rambirambi.

Nani asiyeyajua mabango hayo? Marehemu amewekwa kwenye kiduara juu kushoto, mdogo kama kifuniko cha soda. Mshumaa unawaka pembeni. Upande mzima wa kulia amejaa Mheshimiwa na suti yake, meno nje, kwa sababu picha yake ya huzuni hatukuwa nayo. "Nimepokea kwa mshtuko mkubwa." Hakumjua marehemu. Hakushtuka. Yeye yuko Kisongo anatafuna nyama choma, mimi huku Kaloleni ndiye ninayeshtuka kwa niaba yake. Wagombea walishindana nani awe wa kwanza kuomboleza, maana bango la kwanza ndilo linalosambaa, la pili linaonekana limeiga. Meneja aliweka mawakala kila kijiji, na moja ya kazi zao ilikuwa kujua nani anaumwa. Watu wazima wanatumwa kuchungulia wagonjwa ili mgombea awahi kulia! Nami nilikaa kwenye kiti changu na kipanya changu cha kompyuta nikasema kazi ni kazi.

Mke wa mzee, Bibi kwetu sote, alikuwa amelazwa hospitali mjini kwa sababu ya figo. Mzee alishinda kwake asubuhi, mchana akapanda mlimani kulisha ng'ombe na kugeuza kahawa iliyokuwa imeanikwa uani. Ijumaa moja wingu lilishuka ghafla. Kahawa ya msimu mzima iko nje kwenye vichanja, na mwenye nyumba ni mmoja. Akakimbilia kwa jirani anayetunza vifaa vya chama cha kuzikana, akaazima turubai kubwa la bluu, wakalifunga uani juu ya vichanja. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla. Turubai lile likifungwa uani kwa mtu, kwetu lina maana moja tu. Lakini mvua haikumpa nafasi ya kufikiri watu watasemaje.

Wakala wa Meneja akapita na pikipiki. Aliona bluu uani. Alijua Bibi yuko hospitali. Hakuzima hata injini.

Meneja alinipigia. "Dada, mke wa yule mzee wa matangazo amefariki. Piga bango chap, tuwe wa kwanza."

Mimi nililelewa na maswali matatu ya mzee yule. Nilikuwa nayajua kama ninavyojua Baba Yetu. Nilichouliza ni hiki: "Picha yake mnayo?"

"Tafuta wewe, si ni wa kwenu?"

Bibi hakupenda kamera. Kwenye sherehe alijificha nyuma ya watu, akisema picha zinamwongezea kilo. Lakini mimi nilikuwa na moja, niliyompiga kwenye harusi ya binamu yangu akiwa hajui, amegeuka anamcheka mtu, kilemba kimeteleza. Ilikuwa picha nzuri. Na kwa kuwa ni wa kwetu, niliona nimfanyie heshima, nisimtie kwenye kiduara. Nikamweka mkubwa, bega kwa bega na Mheshimiwa, bega la Mheshimiwa likiwa mbele ya la kwake, utadhani walipigwa pamoja. "Kama mama na mwana!" Meneja alifurahi. Nilitumia dakika kumi na moja. Nakumbuka kwa sababu nilijisifu. Nusu saa haikupita, bango lilikuwa kwenye kila simu ya mlimani.

Yaliyotokea mlimani nilisimuliwa na mama, aliyekuwepo. Mzee alikuwa chini ya turubai, pekupeku, anageuza kahawa kwa mikono. Akina mama wakafika getini na kuanguka chini wakilia, "Mama yetu! Mama yetu jamani!" Nyuma yao wanaume na kuni begani. Mzee alisimama, buni zikimdondoka vidoleni. Mtu aliyewauliza watu wote wa mlima ule hakumuuliza mtu yeyote. Alidhani wao wanajua asichokijua, kwamba hospitali imepiga simu kwa kila mtu isipokuwa yeye. Alitoka vilevile bila viatu, akapanda pikipiki ya kwanza aliyoiona barabarani.

Alimkuta mkewe amekaa kitandani anakunywa uji.

"Mbona huna viatu?" Bibi alimuuliza.

Alikaa chini, sakafuni, akalia mpaka muuguzi akaja kumwambia muda wa kuona wagonjwa bado haujafika. Binti yao wakati huo yuko kwenye basi anatoka Dar, amejifunga kanga kichwani, abiria wenzake wanampa pole. Jioni mgonjwa wa kitanda cha pili akamwonyesha Bibi lile bango kwenye simu yake. Bibi alilitazama sana. "Huyu kijana pembeni yangu ni nani?" aliuliza.

Meneja alinipigia, safari hii anahema. "Futa, Dada. Futa bango, futa faili, futa na hiyo picha ya mwanzo, isijulikane imetoka wapi." Nikafuta kila kitu, kwenye kompyuta, kwenye simu, hata kwenye kapu la takataka la kompyuta, na nikajiona mwerevu. Saa moja haikupita akataka jingine: "Tunamshukuru Mungu, Bibi yetu anaendelea vizuri. Mheshimiwa anamwombea." Meno yaleyale. Nikalitengeneza na hilo. Ningekuwa msomaji wa habari hii ningemzaba kibao mwandishi.

Lakini hawakutosheka. Watu walipoanza kusema maneno mitandaoni, Meneja akasikia habari za isale. Ni jani refu la mmea tunaoupanda mipakani mwa mashamba, sisi Wameru na majirani zetu Wachaga. Mwenye kosa hulifunga fundo akalipeleka kwa aliyemkosea, na huyo akiletewa isale hawezi kumfukuza. "Dada, hii ni kali, hii itasambaa nchi nzima," Meneja alisema. Tukapanda mlimani: Mheshimiwa na isale lake, Meneja na kamera, mimi nimeshika taa.

"Shikamoo, mzee," alisema Mheshimiwa, akijisogeza upande wa mwanga.

"Marahaba. Karibuni. Anachoshika huyo ni nini?"

"Kamera tu, mzee. Kwa ajili ya kumbukumbu."

"Izimeni kwanza."

Meneja alishusha kamera hadi kiunoni. Kitaa chake chekundu kiliendelea kuwaka.

"Isale huleta aliyekosa," mzee alisema taratibu. "Ni wewe uliyeandika kwamba mke wangu amekufa?"

"Hapana, mzee wangu. Ni hawa vijana wa mtandaoni, unajua tena."

"Basi walete wao."

Mheshimiwa alicheka kidogo, akatazama migomba, akatazama viatu vyake. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka kwa mzee, nyuma ya taa, na mwanga ulikuwa unacheza usoni kwake. Alipepesa macho kuelekea kwangu. Kazi ilikuwa kufungua mdomo na kusema "ni mimi, Babu," maneno matatu, nikashindwa. Mheshimiwa akabaki na jani lake mkononi. Siku ya pili ukurasa ukaonyesha picha iliyokatwa vizuri, ambamo mkono wa mzee unaonekana kama unapokea. Wameyamaliza, waliandika.

Bibi alifariki wiki tatu baadaye. Figo. Wako wanaosema bango lilimwita, na mimi huwaambia waache ushirikina, halafu nawaza siku nzima. Mzee alirekodi tangazo palepale hospitali. Nimelisikiliza mara nyingi kuliko inavyofaa. "Matangazo. Mke wangu amefariki leo saa mbili asubuhi. Nimeona mwenyewe. Nimemshika mkono." Sauti ileile kavu. Akarudia mara mbili.

Grupu likaanza. "Jamani hii ni ya kweli au ni kama zile za siku zile?" "Tusubiri uthibitisho." "Isije ikawa simu yake imedukuliwa." Na Baba Neema, Baba Neema wa matope, akaandika: "Mzee, tunaomba ututumie picha."

Picha! Mtu amekaa na maiti ya mke wake, mikono yake bado ina joto lake, na jirani anamtaka apige picha ili aaminiwe. Nilitamani kuingia ndani ya simu nimkamate shati. Lakini ningemkamata kwa kosa gani? Sisi ndio tuliomfundisha. Mimi ndiye niliyempa somo, kwa dakika kumi na moja. Kwa miaka yote ile neno la mzee lilikuwa linatosha, halikuhitaji muhuri wala picha, na tuliliua kwa ajili ya kiti cha udiwani.

Kaburi lilianza kuchimbwa na watu wanne. Wengine walifika mchana, Mchungaji alipokwisha kuwapigia simu mmojammoja, wakaja na ndizi zao na aibu zao. Jumapili iliyofuata mzee alisimama wakati wa matangazo kama kawaida, akatembea hadi mbele, akamkabidhi Mchungaji daftari na kurudi kukaa. Siku hizi Mchungaji anasema, "Mengine mtayaona kwenye simu." Watu wamegombana kwa mapanga kuhusu zamu ya maji, kila mmoja ana ujumbe wake. Baba Neema hupita kwa mzee kila Jumamosi kumpelekea chumvi ya ng'ombe, na mzee huipokea bila kumkaribisha kukaa.

Mheshimiwa alishinda. Wala si kwa kura chache.

Jumanne wiki hii mzee aliingia dukani kwangu. Sikuwa nimemwona ana kwa ana tangu msibani, ambako nilijificha jikoni nikimenya ndizi. Alivaa koti lile la kijivu, na alikuwa amekonda shingoni.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, binti. Kazi inakwendaje?"

Nilimpa stuli. Alieleza kwamba Jumapili kutakuwa na ibada ya shukrani nyumbani, watu watakula loshoro, yale mahindi ya maziwa ya mgando, na makande, na anataka picha ya mkewe ya kuweka mezani mbele.

"Unayo, Babu? Niikuze?"

"Unayo wewe," alisema. "Ile anayocheka. Nyumbani hatuna yoyote ya hivyo. Tunayo ya kitambulisho tu, amekasirika."

Nikasema maneno niliyoshindwa kuyasema uani kwake: ni mimi, Babu, bango lile nililitengeneza mimi.

"Najua. Nilikuona siku ile nyuma ya taa. Lakini leo nimefuata picha."

Ikabidi nimwambie kwamba haipo. Kwamba niliifuta.

"Kwa nini?"

"Waliniambia nifute."

"Ukafuta," alisema. Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

Kilichokuwa kimebaki duniani ni bango lenyewe, ambalo watu walikuwa wamelihifadhi kwenye simu zao. Yeye alikuwa nalo, alitumiwa na binti yake siku ile. Nikalihamishia kwenye kompyuta. Bibi akatokea kwenye kioo, anacheka, kilemba kimeteleza, na mbele ya bega lake suti ya Mheshimiwa, imemfunika hadi kwenye sikio.

"Mtoe huyo," mzee alisema.

Nilimkata taratibu, nikifuata mstari wa suti, kisha shingo, kisha kichwa. Alipotoka paliachwa weupe. Bibi alikuwa na bega moja na sikio moja.

"Naweza kupajaza, Babu," nilisema haraka. "Kompyuta za siku hizi zinatengeneza bega, sikio, hata kipande cha kilemba. Hutatambua kabisa."

"Bega la nani?"

Sikuelewa.

"Nauliza, litakuwa bega la nani?"

"Si la mtu, Babu. Ni la kutengeneza tu."

"Acha."

"Itaonekana vibaya. Hapo pana umbo la mtu mzima. Kila atakayeingia atauliza."

"Ndiyo. Na wewe utakuwepo uwajibu."

"Mbele ya usharika wote?"

"Wale wote uliowatumia."

"Babu, nisamehe."

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena. "Habari ya kusamehe sijaisema," alisema. "Nimesema uje."

Nilichapa nakala mbili. Ya kwake aliitia kwenye bahasha na kuishika kifuani kwa mikono miwili ili isijikunje, akatoka bila kuaga. Ya pili ipo hapa mezani, Bibi anacheka pembeni ya umbo jeupe la mtu aliyevaa suti, na kesho ni Jumapili.